Ombi letu la ruzuku ya elimu ya pombe limekataliwa. Tuandike nini safari hii?

katibu_wa_kikundi

Habari za wakati huu wakuu. Naombeni mawazo ya waliowahi kupita njia hii.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kujitolea. Tumesajiliwa, tuna katiba, tuna akaunti ya benki yenye watia saini watatu. Kazi yetu ni kuelimisha watu juu ya madhara ya pombe. Wengi wetu tumeingia humu kwa sababu ya mtu wa nyumbani; kwangu mimi ni kaka yangu mkubwa, ambaye bado anakunywa. Hadi sasa tunajichangisha wenyewe, na mifuko imekauka.

Tuliomba ruzuku kwenye mfuko mmoja unaosaidia vikundi vya kijamii. Lengo kuu tuliliandika hivi: "Kuelimisha jamii juu ya madhara ya pombe ili kujenga kizazi kisicho na ulevi." Shughuli zilikuwa kongamano la uzinduzi, gari la matangazo, vipeperushi, fulana na kofia za wahamasishaji, bonanza la vijana na ziara za shule. Majibu yalikuja kwa aya moja: wanatupongeza kwa moyo wetu, ila hawakuona mradi utabadilisha nini, wala sisi wenyewe tutajuaje kama umebadilisha.

Sasa umetoka wito mwingine wa maombi, mfadhili tofauti, na mwisho wa kupokea ni mwezi ujao. Wenzangu wanasema tubadilishe jalada tupeleke lilelile. Mimi moyo unakataa. Lakini pia sielewi. Mtu akishajua hatari si ndiyo anaanza kubadilika? Kama elimu haitoshi, wanataka tuandike nini? Na bajeti tuikate wapi?

mpitia_maandiko

Ndugu katibu, pole. Moyo wako umekuambia kweli, msipeleke lilelile. Nimekaa miaka kadhaa kwenye kamati inayosoma maombi ya ruzuku za afya ya jamii, na maandiko ya elimu ya pombe nimeyasoma mengi sana. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu naumia kuona kikundi chenye watu wa kweli kikikosa fedha, halafu zinakwenda kwa mtu anayejua tu kupanga maneno.

Nianze na swali lako kubwa. Je, mtu akijua hatari hubadilika? Wachache hubadilika. Wengi wanajua tayari. Kaka yako anajua. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa SAFER, uliokusanya hatua tano zenye ushahidi mzito kuliko nyingine: kubana upatikanaji wa pombe; kudhibiti uendeshaji wa magari na pikipiki baada ya kunywa; kuwafikia watu kwa uchunguzi, ushauri mfupi na matibabu; kuzuia matangazo na udhamini wa pombe; na kupandisha bei kwa kodi. Zisome tena taratibu. Hakuna hata moja inayoitwa kuelimisha umma. Anayesoma andiko lako ameiona orodha hiyo, na akikuta kurasa nzima za vipeperushi na gari la matangazo anajiuliza kama waandishi nao wameiona.

Mfano unaotajwa sana ni ule wa DARE wa Marekani, ulioanza mwaka 1983, ambapo polisi waliingia madarasani kufundisha watoto kukataa pombe na dawa za kulevya. Ulipendwa na wazazi, walimu na wanasiasa, ukaenea nchi nzima. Tathmini za miaka ya 1990 zilipowalinganisha watoto waliofundishwa na wasiofundishwa, tofauti katika matumizi ilikuwa ndogo mno au haikuwepo. Mradi ulipendwa, ila matumizi hayakushuka.

Weka pembeni yake mfano wa Iceland. Mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 huko walisema wamelewa ndani ya mwezi uliopita. Mwaka 2016 walikuwa asilimia 5. Kilichofanyika kati ya miaka hiyo miwili hakikuwa hotuba. Walipima kila mara kwa dodoso mashuleni na kurudisha majibu kwa kila eneo kwa haraka. Wazazi walikubaliana kwa maandishi juu ya saa za watoto kuwa nyumbani. Fedha za umma ziliingizwa kwenye michezo, muziki na shughuli za baada ya masomo, na sheria ya umri wa kununua pombe ikasimamiwa. Sisemi mwige Iceland, maana kikundi kidogo hakina uwezo wa serikali. Ninachotaka uone ni kwamba mzazi aliyeelimishwa alipewa kitu cha kufanya jioni ileile: kusaini makubaliano, na kuhakikisha mtoto karudi.

Kwa hiyo elimu yenu isiwe ndiyo mradi. Iwe mlango wa kuingilia kwenye kitu kimoja kinachoweza kuhesabika. Nasema kimoja. Andiko lenu lilikuwa na walengwa wa kila namna: jamii nzima, vijana wa bonanza, wanafunzi. Kwa ruzuku ndogo, ukigusa wote hao hutabaki na alama kwa yeyote.

Mimi ningewashauri mchukue ile hatua ya tatu ya SAFER, uchunguzi na ushauri mfupi, kwa sababu watu wa kujitolea wakifundishwa vizuri wanaiweza, na kipimo chake kipo tayari. Kinaitwa AUDIT. Kilitengenezwa chini ya Shirika la Afya Duniani, kina maswali 10, na alama zake ni kuanzia 0 hadi 40. Mtu akifika 8 anahesabiwa yuko kwenye unywaji wa hatari. Akifika 20 unafikiria uraibu na unamwelekeza kwa wataalamu. Kuna kifupi chake, AUDIT-C, chenye maswali matatu ya mwanzo tu: unakunywa mara ngapi, siku unayokunywa unakunywa kiasi gani, na ni mara ngapi unakunywa vipimo sita au zaidi kwa mkao mmoja (kipimo ni kiasi gani nitaeleza chini). Dakika mbili zinatosha. Baada ya hapo ni mazungumzo ya dakika tano hadi kumi na tano, bila kumhukumu mtu. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio ya ushauri huu mfupi yaliyofanywa zaidi kwenye vituo vya afya, na yakakuta kwamba mwaka mmoja baadaye waliopewa ushauri walikuwa wanakunywa takriban gramu 20 za kilevi pungufu kwa wiki kuliko wenzao. Ni kiasi kidogo kwa mtu mmoja, na ndiyo maana nakiamini, kwa kuwa hakijapambwa. Andiko linaloahidi gramu 20 linasomeka kuwa la kweli kuliko linaloahidi kizazi kisicho na ulevi.

Sasa tazama lengo lenu likiandikwa upya. Namba ni za mfano, wekeni zenu:

"Ndani ya miezi 12, wahamasishaji 15 waliofunzwa watawauliza watu wazima 600 maswali ya AUDIT-C katika maeneo matatu. Kila atakayeonekana yuko kwenye unywaji wa hatari atapewa ushauri mfupi siku hiyohiyo, na mwenye dalili za uraibu atapelekwa kituo cha afya kwa barua ya rufaa. Miezi mitatu baadaye tutawafuata tena angalau theluthi mbili ya waliopewa ushauri na kuwauliza maswali yaleyale."

Msomaji wa kamati akifika hapo ameshajua nani atafanya, kwa nani, lini, na kitapimwaje. Hahitaji tena kusoma aya kuhusu ustawi wa taifa.

Kuna sehemu moja ambayo wengi wanaikosea na mkiiweka sawa mtang'ara. Maswali yanauliza "vipimo vingapi", lakini watu hawanywi vipimo, wanakunywa chupa, glasi, kopo, kibuyu. Kipimo kimoja kwenye AUDIT ni gramu 10 za kilevi halisi. Hesabu yake ni rahisi: chukua ujazo kwa mililita, zidisha kwa asilimia ya kilevi, kisha zidisha kwa 0.8. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 inakupa mililita 25 za kilevi, yaani gramu 20, yaani vipimo viwili. Chupa ya mvinyo ya mililita 750 yenye asilimia 12 ina gramu 72, vipimo saba na ushee. Pombe kali ya asilimia 40, mililita 250, ni gramu 80, vipimo vinane. Mtu aliyekuambia "jana nilikunywa kichupa kimoja tu" anaweza kuwa amekunywa vinane. Kwa hiyo kabla ya kuanza, wahamasishaji wakusanye vyombo vinavyotumika kweli pale wanapofanyia kazi, wavijaze maji, wayamimine kwenye jagi lenye mistari, waandike ujazo wa kila kimoja. Halafu mtengeneze karatasi moja yenye picha za vyombo hivyo na idadi ya vipimo chini ya kila picha. Karatasi hiyo iambatisheni kwenye andiko. Niliwahi kusoma ombi lililokuwa na karatasi ya namna hiyo, na kamati nzima ilikuwa inaizungushiana mezani. Kwa pombe ya kienyeji isiyo na lebo, andikeni wazi kwamba nguvu yake ni ya kukadiria na mmekadiria kwa njia gani.

Bajeti. Fulana, kofia, kongamano na bonanza, toa. Si kwamba ni dhambi, ila kila kimoja kinajibu swali la "tutaonekanaje", na mfadhili ameuliza "nini kitabadilika". Fedha hiyo ipelekeni kwenye mafunzo ya wahamasishaji, nauli zao, simu za kuwafuatilia watu, mtaalamu wa afya wa kuwasimamia, na ule mzunguko wa miezi mitatu. Ufuatiliaji ndio unaokatwa kwanza kila bajeti inapobana, na kukosekana kwake ndiko hasa kulikowakosesha fedha mara ya kwanza.

Na kwenye ukurasa wa utangulizi msijaze takwimu za dunia. Sentensi moja inatosha: kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, pombe ilihusika na vifo milioni 2.6 mwaka 2019, sawa na asilimia 4.7 ya vifo vyote. Kisha shukeni hadi kwenu. Ombeni kituo cha afya takwimu za majeruhi wa mwisho wa wiki, bila majina. Ulizeni walimu kuhusu utoro wa Jumatatu. Takwimu ndogo mliyoitafuta kwa miguu yenu ina uzito kuliko kubwa mliyonakili.

muuguzi_afya_ya_akili

Nimesoma hapo juu, nakubaliana na mengi, ila kuna jambo la uhai wa watu na lazima liwe kwenye andiko.

Katibu, msimhimize mtu aliyezoea kunywa kila siku kwa wingi aache ghafla nyumbani peke yake. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa unaweza kuanza kutetemeka, kutokwa jasho, kutapika na kukosa usingizi ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege inaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne wengine huchanganyikiwa, huona vitu visivyokuwepo, mapigo ya moyo na joto la mwili hupanda, na hali hiyo isipotibiwa inaua. Nimepokea wagonjwa walioletwa na ndugu wakidhani wamerogwa, kumbe waliapa mbele ya mkutano kwamba hawatagusa tena pombe, wakaacha siku hiyohiyo. Nia ilikuwa safi, lakini hakuna aliyewaambia.

Kwa hiyo swali la kwanza la mhamasishaji kwa mnywaji mkubwa liwe hili: ukikaa asubuhi bila kunywa, mikono inatetemeka? Umewahi kupata degedege? Jibu likiwa ndiyo, anakwenda kituo cha afya kwanza, na kuacha kutapangwa huko chini ya dawa na vitamini ya thiamini. Liandikeni kama utaratibu wa usalama, nusu ukurasa. Mfadhili anayejua kazi hii atalitafuta, na asipolikuta ataogopa kuwapa fedha.

Hilo linanileta kwenye rufaa. Maandiko mengi yanasema "watapelekwa kituo cha afya" wakati kituo chenyewe hakina habari. Nendeni mkaongee na mganga mfawidhi kabla ya kuandika. Muulizeni ana nani wa kupokea, siku zipi, na dawa zipo. Mpate barua yenye mhuri. Kama uwezo wao ni watu watatu kwa wiki, mradi wenu upangwe kwa watu watatu kwa wiki. Kumfungua mtu moyo halafu umwambie huduma haipo ni kumjeruhi mara ya pili.

Wengi pia huandika kwamba wataanzisha na kufadhili vikundi vya Alcoholics Anonymous, ambako watu wanaotaka kuacha pombe husaidiana wenyewe kwa wenyewe. Vikundi hivyo, vilivyoanza Marekani mwaka 1935, vina desturi kumi na mbili, na ya saba inasema kila kikundi kijitegemee kikamilifu na kikatae michango ya nje. Hamuwezi kuviwekea fungu kwenye bajeti. Mnaweza kuwaelekeza watu huko, na ndugu wa mnywaji mkawaelekeza Al-Anon, ambayo ni ya familia. Nasema hili la familia nikikuangalia wewe katibu. Umemtaja kaka yako. Wanaokuja kwenye mikutano yenu wengi watakuwa kama wewe, wake na wadogo na watoto wa wanywaji. Wawekeeni nafasi yao kwenye mradi, hata kama ni saa moja kwa wiki na mtu anayejua kusikiliza.

mweka_hazina_mzoefu

Naongeza la fedha tu, kwa kifupi.

Ruzuku nyingi hazitoki kwa mkupuo. Inakuja awamu ya kwanza, mnatekeleza, mnapeleka taarifa na stakabadhi, ndipo inatoka ya pili. Kati ya hapo kunaweza kuwa na wiki nyingi bila senti. Pangeni shughuli zisizohitaji fedha nyingi ziangukie kipindi hicho, la sivyo wahamasishaji watakaa bila nauli na ule ufuatiliaji wa miezi mitatu utakufa.

Someni masharti kuhusu mchango wenu wenyewe. Wafadhili wengine wanataka kikundi kichangie. Ule mpango wa serikali ya Marekani wa Drug-Free Communities, wa kuzuia vijana kutumia pombe na dawa za kulevya, kwa mfano, unataka muungano wa wadau kutoka sekta 12 za jamii, na mchango unaolingana na ruzuku. Mchango huo si lazima uwe taslimu. Ukumbi mnaoazimwa, muda wa mtaalamu anayejitolea, samani, vyote vinaweza kuthaminishwa ilimradi kuna karatasi. Anzeni leo kuweka daftari la saa za kujitolea lenye tarehe, jina, kazi na saini. Ukilianzisha baada ya kupata ruzuku umechelewa.

Na jambo ambalo watu wanaona aibu kuliweka: mshahara au posho ya anayetunza hesabu. Iwekeni. Hesabu zikivurugika, mfadhili hatauliza mmeokoa watu wangapi.

mchangiaji_mgeni

Wakuu samahani, mbona mnazunguka mbali? Makampuni ya pombe yenyewe yana fungu la jamii. Yanatoa haraka, masharti machache. Kikundi chetu tulipewa, tukafanya semina ya vijana juu ya kunywa kwa kiasi, kila mtu akafurahi. Fedha ni fedha, cha muhimu inafanya kazi gani.

mpitia_maandiko

Ndugu mgeni, nakuheshimu kwa kusema wazi, kwa sababu wengi wanafikiri hivyo bila kusema. Mimi napinga, na nitakuambia kwa nini.

Angalia ujumbe uliolipiwa: kunywa kwa kiasi. Hautaji bei, hautaji matangazo, hautaji saa za kuuza wala umri wa mnunuzi. Yote yanayogusa mauzo yamebaki nje, na tatizo limewekwa begani kwa kijana mmoja mmoja aliyekosa kiasi. Hakuna aliyewalazimisha mseme hivyo. Fedha ilichagua yenyewe.

Na hili halikutokea kwa vikundi vidogo tu. Marekani kulikuwa na jaribio kubwa la kitafiti lililoitwa MACH, la kupima kama kinywaji kimoja kwa siku kinalinda moyo. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa makampuni ya pombe. Mwezi Juni 2018 Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo zililifunga, baada ya kubainika kwamba watumishi walikuwa wakitafuta fedha hizo kwa makampuni kinyume na taratibu, na kwamba mpangilio wa jaribio ulielekea kuibua faida na kuacha madhara gizani. Wanasayansi wakubwa, taasisi kubwa, na bado.

Kuna na upande wa kawaida kabisa. Wafadhili kadhaa wa afya wana tamko la mgongano wa maslahi: je, mmepokea fedha kutoka sekta ya pombe au tumbaku? Ukijibu ndiyo, andiko linaweza kuwekwa kando kabla halijasomwa. Katibu, kama hamjagusa fedha hiyo, waandikieni sentensi moja kwamba hamjapokea wala hamtapokea, na muipitishe kwenye kikao cha wanachama ili iwe na kumbukumbu.

mchangiaji_mgeni

Sikuwa nafahamu hilo la tamko. Lakini vikundi vingine havina mlango mwingine kabisa, hilo nalo likumbukwe.

muuguzi_afya_ya_akili

Linakumbukwa, ndugu yangu. Ndiyo maana ushauri mfupi unafaa kwa kikundi kisicho na fedha. Maswali matatu, karatasi ya picha na makubaliano na kituo cha afya vinaweza kuanza wiki hii bila mfadhili yeyote. Mkishawauliza watu hamsini kwa kujitolea mna cha kuonyesha kwenye ombi, na milango mingine inaanza kufunguka.

katibu_wa_kikundi

Wakuu, sina la kusema zaidi ya asante. Jana tulikaa kikao hadi usiku. Haikuwa rahisi, bonanza lina wapenzi wake na mzee mmoja mwanzilishi alisema tunaua roho ya kikundi. Nikamsomea yale ya degedege. Akanyamaza, kisha akasema mdogo wake alikufa hivyohivyo, siku ya tatu baada ya kuacha, na miaka yote walidhani ni kitu kingine. Baada ya hapo hakuna aliyetetea fulana.

Tumekubaliana: watu wazima tu, maeneo mawili badala ya matatu, AUDIT-C, ushauri mfupi, rufaa, ufuatiliaji. Shule tumeziacha. Vyombo tumeshaanza kuvipima. Kikombe kimoja kinachoitwa "nusu" kimetoka mililita 600, hata sisi hatukutarajia.

Maswali mawili yamebaki. Moja, mganga mfawidhi ametupokea vizuri lakini barua anasema hadi ipite kwa wakubwa wake, na huenda isiwahi. Tupeleke ombi bila barua? Pili, tuandike majina ya watu tunaowauliza? Bila majina tutawapataje miezi mitatu baadaye?

mpitia_maandiko

Mfikishie mzee pole zangu. Akiridhia, hadithi ya mdogo wake, bila jina, ndiyo aya ya kwanza ya sehemu ya usalama.

La pili kwanza. Tumieni namba. Kila mtu apewe namba ya siri inayoandikwa kwenye dodoso, na daftari moja tu linalounganisha namba na jina na simu, likae kwenye kabati lenye kufuli kwa mtu mmoja, mbali na madodoso. Mtu aombwe ridhaa kabla ya swali la kwanza, aambiwe anaweza kukataa au kujitoa bila kulaumiwa. Ufuatiliaji ukiisha daftari linachomwa, na tarehe ya kulichoma iandikwe kwenye mpango kazi. Ulizeni pia mamlaka za afya kama kazi yenu inahitaji kibali cha maadili; mkikusudia kuchapisha matokeo kama utafiti, kwa kawaida kinahitajika.

Kuhusu barua: mwombeni mganga asaini muhtasari wa kikao mlichofanya naye, wenye tarehe, waliohudhuria, na idadi ya watu anaoweza kupokea kwa wiki. Huo anaweza kuusaini mwenyewe. Uambatisheni, na kwenye andiko mseme barua rasmi imeombwa tarehe fulani na itawasilishwa ikitoka. Pia mtumieni ofisa wa mfuko swali hilo sasa hivi kwa maandishi. Wito mwingi wa maombi una tarehe ya mwisho ya kupokea maswali, na huwa inatangulia ile ya kupokea maombi.

Kama hata muhtasari hatasaini, msipeleke awamu hii. Anzeni na wale hamsini.